Ratili Arobaini na Tano za Clement Oldroyd

Clement Oldroyd alikuwa kinyozi, na kinyozi ana bahati ambayo hata padri hana: anayemsikiliza ana wembe kooni. Kwa miaka mingi hakuna mwanamume wa mji wetu aliyenyolewa ndevu bila kusimuliwa habari za samaki. Ukiingia na haraka zako utapewa fupi. Ukiwa huna haraka, Mungu akusaidie. Wageni waliokuja kuoga baharini wakati wa kiangazi walitoka dukani mwake mashavu laini na macho yamewatoka, wakiuliza kama mjini hakuna kinyozi mwingine. Hakuwepo.

Mimi nilikuwa mwanachama wa chama cha wavuvi na nilinyolewa pale, kwa hiyo nitaieleza ilivyokuwa, si alivyoieleza yeye.

Ulikuwa mwaka ule aliotawazwa malkia. Msimu wa kuvua ulipofunguliwa katikati ya Juni, Clement alikwenda kwenye bwawa la kiwanda cha zamani cha matofali, yeye na Stanley Murgatroyd, muuza makaa ya mawe, kaka wa mkewe. Walimfuata kapi, yule samaki mnene wa maji yaliyotulia, mwenye vindevu pembeni mwa mdomo. Wavuvi wetu humheshimu kapi kuliko wanavyowaheshimu mama wakwe zao. Watamvizia kutwa bila kukohoa, na wakimpata watampima, watapiga naye picha, kisha watamrudisha majini kwa mikono miwili kama wanamlaza mtoto. Ukitaja kumla, unaonekana mshenzi.

Clement alichomeka kiazi cha kuchemsha kwenye ndoana, akatupa mshipi, akala mkate wake wa mayai, akalala. Ustadi wote ndio huo. Kiazi kilipoliwa, ufito wa kuvulia ulianza safari ya kwenda majini peke yake, na aliyeudaka ni Stanley, aliyejitosa mpaka kiunoni na buti zake za kazi.

"We Clement! Amka, mpumbavu wewe! Samaki anaondoka na mali yako!"

Clement akaamka, akapokea ufito, Stanley akachukua wavu, wakahangaika mpaka wakamlaza nyasini. Samaki alikuwa na urefu wa mtoto wa chekechea na unene wa padri wetu, na mdomo ulikuwa ukifunguka na kufungika kama wa mtu anayetaka kulalamika ila hajui amwambie nani.

Wakamfunika magunia yaliyoloweshwa, wakampeleka kwenye ua wa Stanley, wakampandisha kwenye mizani ya makaa. Ratili arobaini na tano, yaani kama kilo ishirini! Nchi nzima hakuna aliyewahi kumtoa kapi wa uzito huo. Katibu wa chama chetu, Horace Tinsley, karani wa benki aliyekuwa akivaa tai hata akienda kuchimba minyoo, aliletwa kushuhudia. Aliitazama ile mizani, akamtazama samaki, akaiweka tai yake sawa.

"Mabwana," akasema, "tumeingia kwenye historia."

Historia ikalazwa kwenye bafu la Winifred, mke wa Clement. Siku ya kwanza Winifred alivumilia. Siku ya pili wakaja wavuvi kwa treni kutoka kusini, wakavua kofia mlangoni, wakapanda ngazi kwa kunyata kama wanaingia kwenye chumba cha maiti. Siku ya tatu Winifred akavaa koti lake.

"Mume wangu, nakwenda sokoni. Nikirudi nimkute ameondoka. La sivyo nanunua vitunguu na siki."

Ndiyo maana yule samaki alipelekwa kwenye jumba la samaki la ufukweni, akatiwa kwenye tangi lake la kioo la maji baridi, kati ya tangi la mikunga, wale samaki kama nyoka, na la kasa mmoja mwenye hasira. Watu wa mji wakampa jina la Bibi Mkubwa. Gazeti letu lilimpa mistari minne chini ya tangazo la magodoro, kwa sababu kurasa nyingine zote bado zilijaa picha za taji, na jina la Clement likachapwa "Aldroyd". Lakini majarida ya wavuvi yalimwandika vizuri, na Clement akayabandika yote ukutani, juu ya kioo, ambako mteja hana pa kukwepa.

Mwaka wa kwanza hadithi yake ilisema, "Stanley akaingia majini, akashika wavu." Mwaka wa pili ikasema, "Stanley alikuwepo." Kufikia mwaka wa nne ilikuwa usiku, kuna radi, na kiazi kimekuwa chambo cha siri alichorithi kwa babu yake.

Jumamosi moja duka lilijaa. Mtu mmoja alikuwa kitini, kashanyolewa shavu moja na kufunikwa tena taulo la moto uso mzima, huku Clement, aliyekwisha kumsahau, akinoa wembe na kumsimulia mgeni aliyekuwa akisubiri zamu.

"Ulikuwa na nani?" mgeni akauliza.

"Peke yangu, bwana. Mimi, yeye na Mungu."

Taulo likasema, "Peke yako?"

Clement akaacha kunoa wembe.

"Kwa hiyo shemeji yako ni Mungu?" taulo likaendelea. "Buti zangu ziliharibikia wapi, kanisani?"

Stanley aliondoka na shavu moja limenyolewa. Alitembea hivyo mpaka Jumatatu, makusudi, kila aliyemuuliza amweleze sababu. Tangu siku hiyo hawakusemezana, na Winifred akawa anakula chakula cha Krismasi mara mbili, kwa mume mchana na kwa kaka jioni.

Clement akahamishia mapenzi yake kwenye tangi. Kila Jumapili, watu walipokuwa kanisani, alikuwa kasimama ubavuni mwa Bibi Mkubwa na skonzi mfukoni, akimmegea kwa juu. Bi Maudsley, mama aliyekuwa akilisha samaki na kukata tiketi, alimchoka.

"Bwana Oldroyd, sogea basi. Watoto hawamwoni."

"Wakitaka kuona, mimi ndiye niliyemvua."

"Watoto wamelipa kuona samaki, baba. Wewe tunakuona bure."

Basi yangeendelea hivyo, lakini daktari mmoja wa meno wa huko kusini akamvua kapi wa ratili arobaini na moja, akampima kwenye mizani ya posta mbele ya kasisi, kisha akaandika kwenye jarida kwamba rekodi ni yake. Yule wa kaskazini, alisema, alipimwa kwenye mizani ya makaa, na kila mama wa nyumbani anajua mizani ya makaa inavyozidisha.

Clement alipolisoma alimkata mteja sikio. "Samaki wangu yu hai!" akapiga kelele. "Waje wampime tena! Kwa skonzi nilizomlisha, sasa hivi anafika hamsini!"

Hakuna aliyemzuia. Chama kilikubali kwa fahari, mwandishi wa jarida akaalikwa, mwenye bucha akatuazima mizani yake. Asubuhi hiyo jumba la samaki lilijaa kuliko siku ya sikukuu. Hata Stanley alikuja, akasimama nyuma, mikono kifuani, akitabasamu kama mtu anayengoja msiba wa adui. Bi Maudsley na vijana wawili wakamtoa Bibi Mkubwa kwa wavu, wakamning'iniza. Mshale ukapanda, ukayumba, ukatulia.

Ratili thelathini na saba.

Clement alikuwa mweupe kama povu lake la kunyolea.

"Amekonda!" akasema. "Hawamlishi huyu!"

"Nani hamlishi?" Bi Maudsley akawaka. "Huyu anakula kuliko mume wangu! Tangu aletwe hajapungua hata ukucha."

Hapo ndipo mjane Tordoff, mama mnene wa mtaa wa kanisa, alipogeuka taratibu. Kichwa kimoja kikafuata kingine, mpaka wanawake wote wakawa wamempa mgongo samaki, wanamtazama Stanley.

"Stanley, mwanangu," mjane akasema kwa upole wa kutisha. "Mizani ile ndiyo unayonipimia makaa?"

Tabasamu lilimtoka Stanley likaenda zake. Alikuwa amekuja kumzika shemeji yake, na sasa akaona kaburi lina nafasi ya watu wawili. Akamtazama mjane, akamtazama Clement, akapasua umati mpaka mbele, akamshika Clement bega.

"Amekonda," akasema kwa sauti. "Masikini, amekonda sana. Mimi nilikuwepo siku ile. Nilimbeba kwa mikono hii."

"Alikuwepo!" Clement akadakia, machozi yakimlengalenga. "Ndiye aliyeshika wavu! Asingekuwa yeye nisingempata!"

Horace Tinsley, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kila cheti cha rekodi ile, alikaza tai, akakohoa, akaitisha kikao cha chama palepale kando ya mikunga. Kwa kauli moja tukapitisha kwamba Bibi Mkubwa amepungua kwa majonzi ya kifungo. Nami niliinua mkono. Ulitaka nifanye nini? Tungebaki mji wa nini, wa kasa?

Mwandishi wa jarida alicheka mpaka kituoni. Rekodi ikaenda kwa daktari wa meno, na ya kwetu ikabaki kwetu tu. Wanawake wakaanza kununua makaa mji wa jirani. Stanley alinunua mizani mpya, akaiweka dirishani ionekane, lakini haikumsaidia. Alifunga ua wake wa makaa kabla ya Pasaka. Sasa alikuwa na muda mwingi, na aliutumia dukani kwa Clement, kwenye kiti cha kungojea, akimalizia sentensi za shemeji yake. Wateja wakawa wanasimuliwa na watu wawili.

Bibi Mkubwa alikufa majira ya baridi yaliyofuata. Chama kilimpeleka kwa fundi wa kukausha wanyama, na fundi akauliza amjaze kiasi gani.

"Mjaze kama alivyokuwa zamani," Tinsley akamwambia. "Usibane."

Fundi hakubana. Bibi Mkubwa alirudi na tumbo kama pipa, macho ya kioo ya rangi ya chungwa, na tabasamu. Tukamtundika kwenye baa ya Plough, juu ya meko, na kibao cha shaba: ratili arobaini na tano. Stanley akampigia makofi. Clement alisogea karibu, akavaa miwani, akamwangalia muda mrefu, bia ikiisha povu mkononi. Ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa amemtazama usoni kila Jumapili.

"Huyu siye," akasema.

"Ndiye, bwana! Tazama ukubwa!" tukamwambia.

"Nawaambia siye. Wangu alikuwa na alama kwenye mdomo, hapa. Na hakuwa anacheka."

Aliweka glasi mezani, akaenda nyumbani kwa Winifred, na ile baa hakuikanyaga tena. Dukani aliyabandua majarida ukutani, ukabaki mraba wa rangi safi juu ya kioo. Stanley alijaribu kuendelea na hadithi peke yake, akawa anakosea, na Clement hamsahihishi. Wateja walishangaa kunyolewa katika ukimya. Nilipokuwa kitini siku moja nikamchokoza.

"Clement, hebu tupe ile ya samaki."

Akanigeuza kichwa kwa vidole viwili, akaupitisha wembe chini ya kidevu.

"Tulia," akasema. "Nitakukata."