Siku Nilipoupamba Mwale

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka peke yangu. Nilikuwa msichana wa Mambrui mwenye haraka na maneno mengi, nimeajiriwa katika hospitali yenye mashine ya kutibu saratani. Mashine ile huzipa chembe ndogo mno mwendo mkali hadi zitoe mwale wa kuua ugonjwa. Kabla mgonjwa hajaguswa, mwale hupimwa: twajaza maji tangi kubwa, twatembeza ndani yake kidude cha kupimia kutoka upande hadi upande, na kompyuta yachora. Mchoro mzuri ni bapa juu, na mabega yake mawili yako sawa.

Mashine ilikuwa imetoka kutengenezwa. Bi Riziki wa Kuruwitu, mama wa watoto wanne, alikuwa ameingoja wiki mbili, na asubuhi ile alikaa nje na kikapu chake. Nikapima. Bega la kushoto likapanda, la kulia likashuka. Nikarudia, vilevile. Nilimwonea huruma Bi Riziki, na kusema kweli alasiri nilikuwa na harusi ya dada yangu. Basi nikabonyeza pale kompyuta inapounyoosha mchoro. Ukapendeza! Nikampelekea Mzee Athumani, mkuu wangu, huku natabasamu.

Aliutazama kidogo tu.

"Huu umeupima au umeupamba?"

"Nimeunyoosha kidogo, Mwalimu. Mgonjwa angoja."

"Mgonjwa hatibiwi kwa mchoro, binti yangu. Mwale ukiwa umepinda, utamchoma pasipougua na ugonjwa utaubakisha. Haya, twende."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mzee hakuigusa mashine. Aliinama, akauliza tangi nimelisawazisha lini. Nikamjibu, kabla sijatia maji. Akacheka mpaka akashika mbavu! Tangi tupu lilikuwa sawa, lakini maji yalipojaa, uzito ulilididimiza upande mmoja, nami sikurudi kuangalia. Tukazungusha skrubu za miguu yake, tukapima upya, na mabega yakalingana. Mashine haikuwa na kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa langu.

Nilikimbia kumwambia Bi Riziki zamu yake imefika. Akapiga kigelegele palepale, na wagonjwa wenzake wakampokea. Sijui kama nimewahi kufurahi kazini kuliko siku ile. Harusini nilikuta pilau imekwisha, nikacheza kuliko bibi harusi mwenyewe.

Basi, mwanangu, nawe unapoianza kazi hii, kipimo kisipokupendeza usikirembe. Anza kuangalia kazi ya mikono yako, ndipo uishuku mashine, na ukikosea sema mapema, hata kama utachekwa. Kuchekwa kunapita. Mungu akupe mikono mitulivu na macho yasiyoukimbia ukweli, na kila anayeingia mlangoni kwako arudi kwa wanawe mzima.