Masomo Aliyoiba Bi Mkunjo

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya bwenini, jikoni walimwombea afya. Wanachuo sitini wanaosomea ualimu, walimu watatu, ukumbi mmoja wa kulia ambao ndio huo huo wa mikutano, na chumba cha dobi kilichobanwa ubavuni mwa darasa la mwaka wa pili, utadhani mjenzi alikisahau kisha akakikumbuka siku ya kukabidhi funguo. Ndani ya chumba hicho, kwa miaka saba, alifanya kazi mwanamke ambaye jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la wafanyakazi na si kwingineko. Wanachuo walimwita Bi Mkunjo. Suruali ikipita mikononi mwake ilitoka na mkunjo mmoja tu, umenyooka kutoka kiunoni hadi chini, na mvaaji alilazimika kutembea kwa adabu ili asiuharibu.

Ukuta kati ya chumba chake na darasa haukufika darini. Hilo ni kosa la mjenzi, wala si la Bi Mkunjo, na mimi naliweka wazi mapema kwa sababu baadaye kuna waliotaka kumtwisha yeye. Maneno yote ya darasani yalipita juu ya ukuta na kumwangukia akiwa na pasi ya mkaa mkononi. Mwaka wa kwanza aliyaacha yapite. Mwaka wa pili alianza kuyashika. Mifukoni mwa mashati alikuta vipande vya chaki vilivyosahauliwa na wenyewe, akavitumia kuandika nyuma ya mlango wake, akafuta, akaandika tena. Alikuwa amemaliza darasa la nane miaka mingi nyuma, kabla mama yao hajafariki na yeye na dada yake kubaki na wadogo wa kulea. Wadogo walikua, wakaenda zao. Hamu ya kusoma haikwenda popote.

Alitaka kuwa mwalimu. Ndilo jambo lenyewe, halikuwa na mapambo. Palikuwa na mtihani wa kuingia ualimu kwa watahiniwa wa nje, na mwisho wa umri ulikuwa miaka thelathini. Bi Mkunjo alikuwa na ishirini na tisa na nusu. Fomu aliipata, akaijaza kwa mwandiko ambao hata mimi ningeuonea wivu, ikabaki sehemu moja tu chini kabisa, ya mkuu wa chuo kuthibitisha kwamba amemwona mwombaji, kwa macho yake mwenyewe, akifundisha darasa.

Mkuu wa chuo, ambaye ndiye aliyefundisha hisabati katika darasa lile la ubavuni, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, ndiyo maana wanachuo walimwita Mzee Kanuni, na yeye alijua na alijitia hamnazo. Bi Mkunjo alikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa aiache fomu. Mara ya pili aliambiwa inasomwa. Mara ya tatu mkuu aliweka kidole kwenye ile sehemu ya chini na kumweleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba hawezi kutia sahihi kitu ambacho hajakiona. Na hawezi kukiona, kwa sababu kanuni za chuo hazimruhusu mfanyakazi wa dobi kusimama mbele ya darasa. Akamrudishia fomu yake, akamwomba aangalie mashuka ya bweni la pili, yanatoka na madoa.

Bi Mkunjo alirudi kwenye pasi yake na hasira iliyotosha kunyoosha nguo bila mkaa. Alinyoosha mashati kumi na manne. Alipofika la kumi na tano alikuwa ameshajua la kufanya.

Hapa inabidi nieleze habari ya Mahakama ya Chaki. Chuo kile kilipenda michezo. Jumapili alasiri walikunywa chai wakisikiliza santuri, na kila mwezi bweni la kwanza lilivutana kamba na bweni la pili mpaka mtu akachanika suruali, kazi ikarudi kwa Bi Mkunjo. Lakini mchezo mkubwa kuliko yote ulikuwa mahakama. Ilikaa Jumamosi ya mwisho wa muhula, baada ya chakula cha mchana, chuo kizima kikiwa ukumbini. Jaji alijifunga blanketi, akavaa nywele za sufi, akagonga meza kwa kifutio cha ubao kilichojaa unga, hivi kwamba kila akidai utulivu alipotea ndani ya wingu. Watu walishitakiwa kwa kukoroma kwa sauti ya kujionyesha, au kwa kula mkate huku wamefumba macho.

Mzee Kanuni ndiye aliyeuanzisha mchezo ule mwaka wake wa kwanza, na kwa vile hakujua kuanzisha kitu bila kanuni, aliandika kanuni mbili zikabandikwa ukutani. Kwanza, hukumu haikatiwi rufaa na mtu yeyote, awe mwanachuo, mwalimu au mkuu. Mwaka mmoja yeye mwenyewe alihukumiwa kubeba ndoo kumi na mbili za maji hadi jikoni kwa kosa la kuchelewesha kengele ya chakula, na akazibeba, tai shingoni. Pili, mwizi atarudisha alichoiba, mbele ya watu, mikononi mwa aliyeibiwa. Kuna aliyepatikana na hatia ya kuiba kicheko cha mwenzake, akaambiwa asimame mbele yake wakati wa chai na kumrudishia chote. Alicheka hadi akalia machozi.

Mwendesha mashtaka wa muhula ule alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili waliyemwita Kidevu, kwa ajili ya ndevu zilizomwahi. Bi Mkunjo alimpelekea shati lake limekunjwa vizuri, akamwambia, "Jumamosi nataka unishitaki."

Kidevu alianza kucheka. Alipomtazama usoni aliacha, akavuta kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

Dada yake mkubwa, mshonaji aliyekuwa akiishi naye, hakufurahishwa na mpango ule. Alisimamisha cherehani kabisa, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wageni. "Mdogo wangu," alisema, "ukimfanyia mkubwa wako wa kazi mchezo mbele za watu, Jumatatu utakuta mtu mwingine ameshika pasi yako."

"Basi ataishika, dada. Lakini mwakani nitakuwa nimepita umri, na pasi nitakuwa nayo hadi nizeeke."

Dada mtu aliinamia cherehani yake. Baada ya muda akamwambia alivue lile gauni, atafundishaje na gauni lenye upindo unaoning'inia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kesi ndogo ndogo zilikwisha, kisha Kidevu akasimama na kuita jina halisi la Bi Mkunjo, jina ambalo wengi walilisikia kwa mara ya kwanza. Alipopita mbele, watu walipiga makofi, wakidhani ni mzaha wa kumuaga au kumshukuru. Kidevu alisoma shitaka: kwamba kwa miaka sita mfululizo mshitakiwa aliiba masomo ya chuo kupitia juu ya ukuta. Ukumbi ulivunjika mbavu. Jaji, akikohoa unga wa chaki, aliuliza kama anakubali kosa. Akakubali. Jaji akauliza masomo yenyewe yalikuwa ya nani, maana mwenye mali lazima ajulikane.

"Ya hisabati, mheshimiwa," alisema Bi Mkunjo. "Yote ni ya Mkuu wa Chuo. Sikuiba ya mtu mwingine."

Kicheko kilikatika upande mmoja wa ukumbi, upande walikokaa walimu. Mzee Kanuni alikuwa ameelewa. Hakuwa mjinga. Alimtazama Kidevu, akamtazama Bi Mkunjo, halafu akatazama ukutani, kwenye kanuni zake mbili zenye mwandiko wake mwenyewe. Jaji alitoa hukumu bila kujua ametoa nini: mshitakiwa arudishe somo mojawapo, hapa hapa na sasa hivi, na mwenye mali aje akae mbele alipokee.

Ingekuwa mtu mwingine angesema mchezo umekwisha. Mzee Kanuni aliinuka, akaja, akakaa kwenye benchi la wanachuo, magoti yamemfika kifuani.

Bi Mkunjo alipiga moyo konde. Alitandua meza kubwa, akachukua kile kitambaa cheupe alichokifua mwenyewe Alhamisi, akakiinua watu wote wakione. Alisema somo ni la sehemu. Aliwakumbusha swali ambalo mwaka wa pili huliuliza kila mwaka, na yeye alilisikia mara sita: ukizidisha nusu kwa theluthi, mbona unapata kitu kidogo kuliko vyote viwili, wakati kuzidisha ni kuongeza? Wanachuo wakacheka kidogo, kwa sababu walijua na jibu walilopewa kila mwaka. Kanuni ni kanuni.

Alikunja kitambaa sehemu tatu sawa, kama anavyokunja mashati. Akauliza kila kipande ni nini, wakamwambia theluthi. Akaikunja ile theluthi katikati, akasema sasa anataka nusu yake. Nusu ya theluthi, si nusu ya kitambaa. Kisha akakikunjua chote, akawaita wawili waje wakishike pembeni, na mikunjo yake, ile mikunjo yake maarufu, ikaonekana hadi nyuma ya ukumbi. Wakahesabu pamoja. Vyumba sita, na nusu ya theluthi ni kimoja tu kati ya hivyo. "Hapa hatujaongeza kitu," alisema. "Tumechukua kipande cha kipande." Mwanachuo mmoja wa benchi la mbele alisema "aa" kwa sauti ya mtu aliyetolewa mwiba.

Mzee Kanuni aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwizi hurudisha alichoiba," alisema. "Mimi somo hili sijawahi kulifundisha hivi. Nililiandika ubaoni, kwa tarakimu. Sasa hiki unachonirudishia ni changu?"

Kidevu alishika kichwa. Kwa kanuni ile, alichosema mkuu kilikuwa kweli tupu, na hukumu ingeweza kuhesabiwa haikutimizwa. Kitambaa kilikuwa bado kimeshikwa mbele ya Bi Mkunjo. Aliogopa. Akilini alimwona dada yake akisimamisha cherehani. Kisha akajibu, hakumung'unya maneno.

"Mimi nilikuwa nasikia tu, Mwalimu. Ubao ulikuwa upande wenu wa ukuta. Mlichosema nimekurudishieni chote. Mlichoandika sikuwahi kukiona hata siku moja, kwa hiyo sikukiiba, ikabidi nitafute changu."

Mzee Kanuni alitazama kile kitambaa, akahesabu vyumba sita tena kwa macho, midomo ikimcheza. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha nusu ya theluthi. Nadhani siku ile ndipo alipoiona.

Alisema ofisi itafunguliwa Jumatatu, aje huko. Bi Mkunjo aliingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa fomu, akaiweka mezani mbele yake. Akasema fomu inasema amwone kwa macho, haisemi amwone ofisini. Kidevu alikuwa ameshafungua kalamu.

Mzee Kanuni aliisoma ile sehemu ya chini mara mbili, kama ilivyokuwa desturi yake, akatia sahihi, akaweka na tarehe. Bi Mkunjo akaipokea. Aligeukia mahali pake mlangoni, kisha akaghairi. Aliketi pale pale mbele, kwenye benchi la wanachuo, kati ya mkuu na yule aliyesema "aa", na hakuna aliyemwambia ainuke.