Zamu ya Kibwana

Rehani bin Ausi alikuwa mtani wangu, kwa hiyo sitamsema vizuri. Ukoo wao wa Mkange na ukoo wetu ni watani tangu mababu: wao wakifiwa, sisi ndio tunaochekesha msibani, sisi tukifiwa, wao ndio wanaomwigiza na kumtukana maiti wetu. Maneno ya mtani hayana kesi. Hata shehe huyasikia akageuza uso, akaendelea na tasbihi yake.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mchoyo hata wa salamu. Hapa Mapinga nilikuwa jirani yake miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo sikumwona akikanyaga pwani. Neno moja lilikuwa haramu kwake. Watoto wake wakigombania kata kisimani, mmoja akasema "zamu yangu!", Rehani alimfuata na fimbo. Sisi tulidhani ni ukali wa jeshi tu.

Jeshini aliingia zamani za Mwingereza, yeye na rafiki yake Kibwana. Walitiwa jando siku moja, kumbi moja, kwa kisu kimoja. Kibwana alikuwa ndiyo kwanza ameoa, binti wa Pangani wa miaka kumi na saba, jina lake Mize. Kwanza walipelekwa Bukini, maana Waingereza walihofu Wajapani wasije wakakitwaa kisiwa kile na kuzifungia meli njia. Kisha mwaka wa arobaini na nne wakapakiwa Mombasa kwenda Siloni, na kutoka huko waende Burma kupigana.

Hadithi ya meli Mapinga nzima tuliijua, maana aliisimulia kila penye kahawa. Nyambizi ya Wajapani iliipiga meli yao mchana, jua kali. Ilizama kabla chai haijapoa. Askari wengi walikuwa chini wakitazama tamasha, hawakutoka. Waliobaki wakielea wakaona manowari ya Mwingereza inakuja mbio, wakashangilia, wengine wakapiga takbiri. Manowari haikusimama. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao hasa, basi wakatupiwa mapipa ya baruti katikati yao, yakalipukia ndani ya maji. Mwingereza alimfuata Mjapani kwa kupitia matumboni mwa askari wake mwenyewe.

Rehani alikuwa amelala juu ya kifuniko cha mbao, tumbo nje ya maji, akapona. Kibwana, alisema, alimfia mikononi, na kabla ya kukata roho alimwachia wasia: "Mize mwoe wewe, usimwache akatangatanga."

Wasia huo ndio uliomwoza. Vita vilipokwisha aliwapelekea wazee, akala yamini mbele ya kadhi kwamba alimwona Kibwana kafa kwa macho yake. Mize akakaa eda. Alipotoka, fundi cherehani mmoja wa Pangani, Mwinyimvua, alikuwa ameshaleta posa, na Mize alimtaka. Aliniambia mwenyewe, tunapepeta mchele: "Nilimtaka, Ashatu, mpaka nikawa silali." Lakini nani avunje wasia wa maiti asiye na kaburi? Akairudisha posa ya Mwinyimvua, akaolewa na Rehani.

Akapigwa miaka ishirini na minane. Alizaa watano, akazika watatu. Kila alipofunga mzigo arudi kwao, Rehani alisimama mlangoni akisema, "Nenda. Kamwambie Kibwana umevunja neno lake." Naye aliufungua mzigo.

Mwaka wa sabini na tatu Rehani akapooza upande mmoja. Mize alimgeuza kitandani asubuhi, mchana na jioni, akamlisha uji, akamsafisha mavi. Mimi nilikwenda kumtania kama ilivyo ada.

"Hujafa tu?" nikamwambia siku moja ya Ijumaa. "Kaburi limeshaota majani linakungoja."

Hakucheka. Akaniuliza Mize yuko wapi. Nikamwambia yuko jikoni, anakukunia nazi. Akasema, "Mtani, sogea."

Akanieleza. Kile kifuniko kiliweza kumbeba mtu mmoja tu. Yeye na Kibwana walipatana: mmoja alale juu, mwingine ashike ukingo akiwa majini, ihesabiwe mia mbili, kisha wabadilishane. Walikwenda hivyo zamu nne. Ya tano, Rehani akiwa juu, Kibwana akasema, "Mia mbili zimetimia." Rehani akasema, "Bado." Kibwana akahesabu tena, polepole, kwa sauti, mpaka mwisho. "Zimetimia, Rehani." Rehani akasema, "Bado." Manowari ilikuwa inakuja.

"Alipopasuka hakusema kitu," aliniambia. "Damu ilimtoka mdomoni, akaachia ukingo."

"Na wasia?"

"Hakukuwa na wasia. Nilimwona Mize siku ya harusi yao, nikamtaka tangu siku ile."

Nikamwambia, "Mwite sasa hivi umwambie."

"Siwezi. Nikimwambia ataondoka, na nani atanigeuza?" Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Wewe utanicheza matangani. Cheza yote. Mtani hana kesi."

Mwone! Hata kutubu alitaka atubiwe na mwingine, yeye akiwa ameshafunikwa udongo. Nilitoka nikampita Mize kwenye mbuzi ya nazi, mikono imemtapakaa nazi. Akaniuliza, "Mbona uso umekusawijika?" Nikamwambia mumeo ananuka. Tukacheka sote wawili.

Sikumwambia. Nilijiambia siri si yangu, tena siri ya mgonjwa. Miezi miwili na siku sita nilipita uani pale nikimwona akitwisha ndoo, akianika matambara, mgongo umempinda, nami nikanyamaza. Rehani akafa siku ya Jumatatu, safi, hana kidonda hata kimoja mgongoni. Waoshaji walimsifu sana Mize kwa hilo.

Siku ya tatu, ya kuanua tanga, wanawake tulikuwa uani. Mize alikuwa amekaa kizingitini, amejitanda nguo nyeupe ya eda. Watani wenzangu wakaanza kupiga debe na kuita, "Ashatu, tuletee marehemu!" Nikavaa kofia yake na koti lake la jeshi. Nikang'oa mlango wa banda la kuku, nikauweka mchangani, nikalala juu yake kifudifudi, nikapiga makasia ya mikono. Wanawake wakaangua kicheko. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa mpaka kanga ikanivuka.

Ningeweza kuishia hapo. Nilimtazama Mize, naye alikuwa anatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Nikaendelea. Nikafanya sauti mbili. Sauti ya Kibwana: "Mia mbili zimetimia." Sauti ya Rehani: "Bado." Vicheko. "Zimetimia, Rehani." "Bado!" Bi Mwanvita, jirani yetu, alikuwa akijifuta machozi kwa kucheka.

Mize akasimama. Akaja mpaka nilipolala.

"Na wasia?" akauliza.

Nikamjibu kwa sauti ya mumewe. "Hakukuwa na wasia. Aliomba zamu yake tu."

Aliinama, akaushika ule mlango kwa mikono miwili, akaupindua. Nikaanguka uso mchangani.

"Shuka," alisema. "Zamu ya Kibwana."

Uani pakalipuka. Walidhani anajibu utani. Walipiga vigelegele, wakasema Bi Mize naye kumbe fundi. Alirudi kizingitini, akakaa, akaivuta nguo nyeupe mpaka usoni.

Eda aliikaa yote, miezi minne na siku kumi, maana sheria ni sheria. Siku aliyotoka nilimpelekea udi na kanga mpya. Nilimkuta ameshafunga mzigo wa kwenda Pangani. Mwinyimvua alikuwa amekufa mwaka wa sitini na moja. Alikuwa anakwenda kwa dada yake tu, akafie kwao.

"Shikamoo, dada Mize," nikasema.

Hakuitikia. Akaniuliza, "Alikwambia lini?"

Ningeweza kudanganya. "Ijumaa ile. Ulikuwa unakuna nazi."

Alihesabu kimyakimya. Niliona midomo ikicheza.

"Miezi miwili," akasema. "Ulikuwa unapita uani unaniona."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuomba unishikie upande mmoja nimgeuze, ukasema mgongo unakuuma."

"Ndiyo, dada."

Aliuweka mzigo kichwani, akausawazisha vizuri.

"Basi na wewe," akasema, "ulikuwa juu ya ubao."

Akapita. Kanga zangu niliziacha pale kizingitini, na mvua ya usiku ule ilizilowesha.