Uzi Unaofumuka

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno, kwa hiyo nianze kwa kusema kwamba Bi Fumua alinitesa. Alikuwa mwalimu wetu wa ushonaji shuleni, na jina hilo tulimpa sisi wanafunzi kwa sababu ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Unampelekea kazi uliyoitolea jasho wiki nzima, anaigeuza mara moja, anakurudishia. "Fumua." Hasemi kosa liko wapi. Ulitafute mwenyewe. Kofia moja ya mtoto mchanga niliifumua mara tatu, mpaka nikamchukia mtoto ambaye hata hakuwepo.

Ndiye aliyenifanya leo niwe na duka la nyuzi. Sijawahi kumwambia, atavimba kichwa.

Basi siku moja aliingia dukani ameshikwa mkono na bintiye. Macho yake yameingia ukungu. Anaona mwanga na vivuli, basi. Vidole navyo vimekuwa vizito. Binti ni muuguzi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na hakuwa ameshika sindano ya kroshia tangu mama yake alipomliza nayo akiwa darasa la tatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unakaza uzi kama unamnyonga mtu?"

"Nimeacha, Mwalimu."

"Muongo. Nataka uzi wa shali. Huyu mwanangu anaenda zamu alfajiri, na baridi inamla mabega."

Binti akanikonyeza, akanyooshea kidole rafu ya juu, kwenye nyuzi zenye manyoya. Nikamwelewa. Uzi wa manyoya ni msitiri: ukikosea, manyoya yanafunika, na hata mwenye macho mazima haoni kitu. Nikashusha wa zambarau, nikamwekea mzee mikononi. Akausugua shavuni, akauweka shingoni, kisha akavuta ncha.

"Huu haufumuki."

"Ni kweli manyoya yanashikana, Mwalimu, lakini ni laini, na rangi yake..."

"Rangi vaa wewe. Nipe uzi unaofumuka."

Akapapasa kaunta nzima. Pamba akasema ni nzito, itavuta mabega. Sufu tupu akasema inawasha, na mwanawe ana ngozi ya kudeka. Mwisho akatua kwenye mchanganyiko wa sufu na pamba, umesokotwa vizuri, rangi ya maziwa. Uzi wa rangi ya maziwa hauna siri. Kila kitanzi ulichokiruka kinajianika. Akaondoka na madonge sita ameyakumbatia kifuani.

Wiki mbili baadaye binti alikuja peke yake na shali kwenye mfuko. Mistari kumi na miwili, na matundu ya kupitisha ngumi.

"Dada, nifundishe," akasema. "Ameshaacha kusoma, ameacha jiko, hata redio anasema inampigia kelele. Kilichobaki ni hiki. Akijua kwamba anaharibu, ataiweka sindano chini, na atakaa kwenye kile kiti akingoja kufa." Akalia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akashika sindano.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikuwa ng'onda, alishakauka. Lakini nilimfundisha. Wakawa hivyo: asubuhi mama anafuma akiwa peke yake, saa tisa alasiri, mama akijilaza, binti aliyerudi kutoka kazini anafumua yaliyoharibika na kuyafuma upya. Mama akiamka anakuta kazi safi, anaendelea.

Binti naye alikuwa na kosa lake sugu. Kila mstari aliruka kitanzi cha mwisho, pale ukingoni, na shali ikaanza kuchongoka upande mmoja. Nilimwonyesha, nikarudia, nikagomba. Haambiliki. Katikati anahesabu, ukingo anausahau.

Kisha akaja siku moja uso umekunjamana. "Maskini mama. Siku hizi anakosea pale pale kila siku. Ukingoni, kitanzi cha mwisho."

"Na wewe unafanyaje?"

"Namfumulia. Imebidi niwe nahesabu hadi mwisho." Akaikunjua shali kwenye kaunta. Ukingo ulikuwa umenyooka kama rula. Nikamsifu, na wala sikufikiria zaidi ya hapo.

Mwezi uliofuata walikuja wote wawili. Mama akamtuma binti duka la dawa, mlango wa tatu. Nyayo zilipopotea akanigeukia.

"Ukingo sasa anaushika?"

"Nani, Mwalimu?"

"Usinichezee. Vitanzi vyangu vinabana, vyake vinapumua. Vidole vyangu ni vizito, havijafa."

Mwenye macho haambiwi tazama. Huyu hakuwa nayo na bado hakuambiwa. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu donge la kwanza. Makosa mengi ni yangu ya kweli, sikufichi, na yananiuma. Yale ya ukingoni naweka mwenyewe, makusudi." Akakichezea kishikizo cha gauni lake. "Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Nilimwambia neno lile lile nililowaambia ninyi, kwa sauti ile ile. Akaiweka sindano mezani, akatoka, na hakuishika tena. Ninyi nilikuwa mwalimu wenu. Yeye nilikuwa mama yake, na sikuona tofauti."

"Basi mwambie, Mwalimu. Atafurahi."

"Akijua kwamba najua, ataacha kufuma na kunirudishia sindano yangu, kwa heshima. Sitaki."

Binti akarudi na dawa. Bi Fumua akaufuta uso wake chapuchapu, akaniomba donge moja zaidi la rangi ya maziwa.

"Mama, lililobaki nyumbani linatosha," binti akasema. "Imebaki mistari minne tu."

"Halitoshi," akasema Bi Fumua. "Mimi nakosea sana."

Nikawafungia mawili.