Tembo, Punda na Chama cha Babu

Ami yangu anavijua vyama vya Marekani kuliko Wamarekani wenyewe, na aliyemfundisha ni mimi. Hilo ndilo linalonichoma roho hadi leo. Nasomesha historia katika chuo kimoja hapa Maskati. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo yeye, ndugu wa baba, ndiye walii wangu: bila neno lake siolewi.

Kila Wamarekani wanapopiga kura, matokeo hutufikia asubuhi, na majlisi ya ami huko Wadi Kabir hujaa wastaafu wenzake wa wizarani. Huniita nisimame mlangoni. "Hebu waeleze, mwanangu, vile vyama viligeuka vipi." Nami kwa ujinga wangu hufurahi, nikaeleza. Chama chenye nembo ya tembo kilianzishwa na watu waliochukia utumwa, na rais wake ndiye aliyewaacha huru watumwa. Chama chenye nembo ya punda ndicho kilichokuwa cha mabwana wa kusini. Ikapita kama miaka mia, wajukuu wa watumwa wakawa wamehamia kwa punda, na kusini ya mabwana ikawa inahamia kwa tembo. Majina yale yale, watu wengine kabisa. Hapo ami hupiga paja na kuwaambia wenzake, "Mnasikia? Chama si dini. Mtu hahukumiwi kwa chama cha babu yake." Maneno yake hayo, kwa kinywa chake.

Ijumaa kabla ya uchaguzi uliopita wakaja kuniposa. Mwanamume mwenyewe ana karakana ya magari katika mtaa wa Ghala. Nilimjua siku aliponitengenezea gari, akanirudishia kipuri kibovu ndani ya mfuko nisije nikadhani nimedanganywa. Nilimpenda, sioni haya kusema. Alikuja na baba yake. Kwetu mwenye haja hanywi kahawa. Huiweka mbele yake mpaka mwenye nyumba amwambie "kunywa", yaani haja yako imekubaliwa. Wakaviweka vikombe chini. Mimi niko nyuma ya pazia.

"Nna suali moja tu," ami akamwambia yule baba. "Marehemu baba yako, kule Unguja, alikuwa chama gani?"

Suali la mambo ya zaidi ya miaka sitini! Oman haina chama hata kimoja, lakini nyumba zetu sisi tuliotoka Unguja kila moja ina chama chake kimefungiwa kabatini.

Yule mzee hakupepesa jicho. "Chama kimoja na baba yako, sheikh. Kilipogawanyika, baba yako alitoka, wangu akabaki."

Ami hakusema "kunywa". Akazungumzia joto, akazungumzia barabara. Wageni wakaaga, vikombe vimejaa vile vile.

Nikatoka nyuma ya pazia kwa hasira. "Ami, si wewe unayesema chama si dini?"

"Hao Wamarekani," akanijibu, wala hakuniangalia. "Tena adui ningemsamehe. Babu yake huyu alikula sahani moja na baba yangu, kisha akambwaga, akamwacha atoke peke yake."

Siku hizo ami alikuwa mtoto anayechezea mchanga. Hata hasira yenyewe si yake, kairithi, na sasa anataka anirithishe mimi. Sikulala vizuri siku nne nzima, na kila nikimsalimia nilikuwa nameza moto.

Jumatano asubuhi majlisi ikajaa, televisheni imewashwa, ramani ya Marekani inapakwa rangi. Ami akaniita kama kawaida yake. "Njoo, mwanangu, waeleze."

Sikusimama mlangoni. Niliingia hadi katikati, nikajimiminia kahawa, nikaketi mbele yake na kukiweka kikombe chini.

"Leo sielezi, ami. Leo nna haja."

Wazee wote wakaiacha televisheni, wakanigeukia. Hakuna asiyejua maana ya kikombe kile.

"Mbele za watu?" akanong'ona.

"Mbele za hawa hawa uliowaambia mtu hahukumiwi kwa chama cha babu yake."

Alikitazama kikombe. Nilingoja mpaka kahawa ikaacha kutoa moshi. Neno ni moja tu, na hakulisema.

Nikainuka, nikachukua funguo za gari, nikaenda mahakamani kumwomba kadhi aniozeshe badala ya ami.