Maziwa Aliyokunywa Kiden

Harufu ya kibuyu cha maziwa ilitangulia kila asubuhi ya utoto wangu: moshi wa kinyesi kikavu, mkojo wa ng'ombe uliotumika kukisuuza, na juu yake utamu wa maziwa yenye uvuguvugu. Tuliishi kaskazini mwa Juba, na nyumbani kwetu kibuyu kilizunguka mkono kwa mkono mbele ya watu wote. Mwanamke aliyekuwa katika siku zake hakunywa. Alikipitisha tu kwa aliyeketi kando yake, na hakuna aliyeuliza. Iliaminika kwamba damu yake ingemuua ng'ombe aliyekamuliwa. Kwa hiyo msichana aliyekipitisha kibuyu kwa mara ya kwanza alikuwa ametangaza, bila kufungua kinywa, kwamba yuko tayari kuolewa.

Dada yangu Kiden hakukipitisha. Alisoma shule ya kanisa, na baba alikuwa amesema wazi kwamba masomo yake yangeisha siku hiyo. Tulilalia ngozi moja, kwa hiyo mimi nilijua. Alitumia vipande vya blanketi kuukuu, akavikausha chini yetu kwa kuwa juani vingeonekana. Havikukauka vizuri, vikamwasha hadi akawa anatembea kwa uangalifu. Hakuwa na wa kumuuliza. Mwalimu wao, alipofika ukurasa wa mwili wa mwanamke, aliwaambia wafunge vitabu. Asubuhi Kiden alinywa kwa mikupuo mirefu kuliko wote, makusudi, ili aonekane. "Mtazameni huyu ndama!" mjomba wetu alimtania. "Ya bit, we msichana, utaolewa lini? Au mpaka umalize zizi?" Watu walicheka. Kiden naye alicheka, midomo yake ikiwa myeupe.

Mvua zilipokolea, ng'ombe wetu wa madoa, ambaye maziwa yake ndiyo tuliyokunywa, aliacha kula. Tezi za chini ya masikio zilimvimba, povu likamtoka puani, na pumzi yake ikasikika hadi jikoni. Asubuhi alipoanguka, wanaume walikuwa wamemzunguka. Kiden alitoka akiwa amevaa sare ya shule, akasimama mbele yao. "Ni mimi, baba. Nilikuwa nakunywa nikiwa na damu." Nilitarajia fimbo. Baba hakumgusa. Alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni, kisha akasema kwa upole, "Nenda ukavue hizo nguo." Kiangazi kilichofuata alipelekwa kwa mume. Hakulia, alifunga mzigo wake mwenyewe.

Mimi vita vilinipeleka Uganda. Huko nilijifundisha kusoma kwa vitabu vya kuazima, na leo nina duka dogo la dawa za mifugo hapa Juba. Ni katika kusoma maelezo ya dawa ndipo nilipokutana tena na ng'ombe yule: tezi, povu, pumzi. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kiden, ambaye sasa ni mjane, anaishi nami mtaa wa Hai Malakal. Nilimweleza alipokuwa akichekecha unga wa mtama. Aliendelea kuchekecha mpaka zikabaki chenga tupu.

"Una hakika?"

"Nina hakika, dada."

"Kupe?"

"Kupe."

"Basi ungeniacha na kosa langu," alisema. "Angalau nilikuwa najua kwa nini nilitolewa shuleni."

Siku za Jumamosi mimi hufuatana na mkunga mmoja kwenda vijijini kuzungumza na wasichana. Yeye huwaonyesha pedi za kufua na kuwaambia wazianike mchana kweupe, juani, kwenye kamba ya mbele ya nyumba. Mimi huwaambia kwamba damu yao haiui mnyama yeyote. Wasichana hucheka, husukumana kwa mabega, na huuliza maswali ambayo sisi hatukuthubutu hata kuyawaza. Katika hilo tumesogea mbali sana. Lakini mama zao huketi nyuma, na ninapofika kwenye habari ya maziwa sauti yangu hushuka yenyewe. Juzi mmoja wa mama hao alisimama, akauliza kama inawezekana kujua ng'ombe aliyekufa zamani aliuawa na nini. Wasichana waligeuka kumwangalia.

"Unataka kweli kujua, mama?" nilimuuliza.

Alimtazama binti yake aliyeketi mbele, kisha akaketi.