Chupa Tatu Nilizomwaga Sinkini

Nimechoka kukificha kisa hiki, bora nikiseme.

Nilikuwa fundi wa maabara katika kiwanda kimoja cha plastiki, Chang'ombe. Daktari Mwanahawa, mkemia wetu, alinipa kazi ya kutengeneza chembe za plastiki ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zinazoelea ndani ya maji na kubadilika kufuatana na joto. Siku aliyoeleza zinavyobadilika, mie nilisinzia nimesimama. Kuuliza baadaye niliona haya.

Nilizipika siku mbili, yakatoka maji maangavu kabisa. Mchana umeme ukakatika, kiyoyozi kikazima, chumba kikawa tanuri. Niliporudi kutoka kula, chupa imekuwa nyeupe kama tui la nazi. Nikajua imeharibika. Nikaimwaga, nikaanza upya. Umeme ukakatika tena, tui tena. Nikamwaga mara tatu, miguu imevimba kwa kusimama.

Chupa ya nne ilipogeuka sikuwa na nguvu tena. Nikaipeleka ofisini, Daktari akiwa na meneja.

"Nisamehe, Daktari. Imeharibika tena."

Daktari akaagiza ndoo ya barafu, akaitumbukiza humo. Tukasubiri. Weupe ukayeyuka taratibu, maji yakarudi kuwa maangavu.

"Ikipata joto inakuwa nyeupe, ikipoa inarudi. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta! Hongera, kaka Saidi," Daktari akasema.

Meneja akanipa mkono. Daktari hakutabasamu muda mrefu.

"Umesema imeharibika *tena*," akaniambia. "Nyingine ziko wapi?"